Mradi wa mwaka wa nne: Mlango wa utafiti unaopuuzwa na wanafunzi wa uchumi

KILA mwaka, wanafunzi wanaosomea uchumi katika vyuo vikuu vya humu nchini hufika mwaka wa nne na kutakiwa kuandika mradi wa utafiti. Wengi huuona kama kikwazo cha mwisho kati yao na joho la mahafali. Mada huazimwa kwa waliotangulia, sura ya pili hunakiliwa, takwimu hupachikwa, kisha kazi hiyo hupigwa chapa na kujalidiwa katika duka la saiba lililo karibu na lango la chuo, siku mbili kabla ya muda kuyoyoma.

Wanafunzi hao hao ndio hulalamika kwamba nafasi za utafiti ni za wenzao wa ng'ambo. Malalamiko hayo yana msingi, ila ni nusu tu ya ukweli.

Katika Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani, mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa wahadhiri wao ulianzishwa mwaka wa 1969. Anayeshiriki hulipwa, au kazi yake huhesabiwa kama sehemu ya masomo. Vyuo vingi vya nchi hiyo vimeiga mfano huo. Nchini Kenya, mipango ya aina hii ni nadra. Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Barani Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka wa 1988 na wenye makao yake makuu jijini Nairobi, hushughulikia zaidi masomo ya uzamili na uzamifu pamoja na utafiti wa wahadhiri. Nayo Taasisi ya Utafiti na Uchanganuzi wa Sera za Umma, KIPPRA, ina mpango unaosifika wa kuwanoa vijana, lakini ni wa wale ambao tayari wamehitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hubaki akichungulia dirishani.

Kinachoshangaza ni kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika ambazo uchumi wake umechunguzwa sana. Joseph Stiglitz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2001, alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kati ya 1969 na 1971, akiwa kijana bado. Mwaka wa 1970, John Harris na Michael Todaro walichapisha nadharia inayoeleza kwa nini watu huendelea kuhamia mijini ilhali kazi za mijini hazipo. Nadharia hiyo, ambayo hufundishwa kote duniani, ilichota mengi kutokana na hali ya Kenya. Miaka miwili baadaye, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotembelea nchi hii ulitoa ripoti iliyolieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Wakenya wenyewe waliijua, na baadaye wakaipa jina lao la jua kali.

Kisha kukaja Busia. Michael Kremer, aliyewahi kufunza katika shule ya upili eneo la Kakamega muda mfupi baada ya kupata shahada yake ya kwanza, alirejea magharibi mwa Kenya katika miaka ya tisini na kuanza majaribio shuleni. Jaribio linalojulikana zaidi, alilolifanya pamoja na Edward Miguel kuanzia mwaka wa 1998, lilihusu dawa za minyoo katika shule 75 zilizokuwa na zaidi ya wanafunzi 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu, kila kundi likianza kupata dawa kwa mwaka wake, ili waliotangulia walinganishwe na waliokuwa wakingoja zamu yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2004 yalionyesha kwamba utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo. Mwaka wa 2019, Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alitunukiwa Nobel kwa mbinu hiyo ya kuuchunguza umaskini kwa majaribio.

Orodha haiishii hapo. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, imewapa kazi wanauchumi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya kwa miaka mingi. Katika vijiji 653 vya Kaunti ya Siaya, watafiti walifuatilia fedha zilizogawiwa kaya maskini, takriban dola 1,000 kwa kila kaya, ili kujua kama bei za bidhaa zingepanda. Waligundua kwamba bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, na majirani ambao hawakupewa chochote walinufaika pia kwa kuwa fedha hizo zilizunguka madukani na sokoni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2022.

Katika tafiti hizi zote, waliokuwa wakibisha hodi milangoni, wakiuliza maswali kwa Kiluo, Kiluhya au Kiswahili na kujaza majibu katika karatasi na baadaye katika tableti, walikuwa vijana wa Kenya. Wengine walikuwa wanafunzi walio likizoni, na wengi walikuwa wamehitimu na kukosa kazi. Kazi ya mhoji ni ngumu na ina funzo ambalo halipatikani darasani. Aliyemuuliza mama wa Ugenya ametumia pesa ngapi kwa chakula wiki iliyopita, akajibiwa kwa kicheko, anafahamu tarakimu iliyo katika jedwali imetoka wapi na yafaa iaminiwe kwa kiasi gani. Hata hivyo, ujuzi huo aghalabu huishia pale. Mhoji huajiriwa kwa wiki chache, hulipwa kwa siku, na utafiti unapochapishwa jina lake, likionekana, huwa katika aya ya shukrani. Maswali huwa yameamuliwa kwingine.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao haupendezi kutajwa. Kwa miaka mingi, vijana wa vyuo vikuu vya Kenya wamekuwa wakilipwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha na hata tasnifu. Biashara hiyo ilishamiri Nairobi na katika miji yenye vyuo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 2022 ya kuharamisha utoaji wa huduma hizo kwa wanafunzi wa England, na tangu wakati huo programu za akili unde zimechukua sehemu ya soko. Maadili ya kazi hiyo ni mabovu, hilo halina mjadala. Lakini ilidhihirisha jambo moja: kijana aliyeweza kuandika kwa usiku mmoja uchambuzi wa uchumi uliompa mtu mwingine alama nzuri ng'ambo hakupungukiwa na uwezo wa kuandika mradi wake mwenyewe. Alichokosa ni sababu ya kuutilia maanani.

Sababu hiyo huanza na swali. Mada iliyozoeleka katika idara nyingi ni ya aina hii: athari za mfumko wa bei kwa ukuaji wa uchumi nchini Kenya, kati ya 1980 na 2020. Mwanafunzi hukusanya tarakimu moja kwa kila mwaka, akapata 41, akaziingiza katika kompyuta na kutoa hitimisho kwamba mfumko wa bei huathiri ukuaji, au hauathiri. Ndani ya miaka hiyo 41 kulikuwa na ukame, jaribio la mapinduzi, kufunguliwa kwa soko la fedha za kigeni, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na janga la corona. Tarakimu 41 haziwezi kutenganisha hayo yote. Swali ni kubwa mno kwa ushahidi uliopo, na hiyo ndiyo sababu jibu lake huwa halimshtui mtu yeyote, akiwemo msimamizi.

Swali dogo lina nguvu zaidi. Chukua mfano wa mwanafunzi kutoka Garissa anayejiuliza: bei ya dizeli inapopanda, je, gunia la mahindi hupanda zaidi Garissa kuliko Kitale? Kitale mahindi hulimwa. Garissa huletwa kwa lori. Ikiwa gharama ya usafiri ndiyo inayowaumiza wanunuzi wa kaskazini mashariki, pengo la bei kati ya masoko hayo mawili linapaswa kupanuka kila dizeli inapopanda. Ikiwa pengo halitikisiki, basi huenda kuna jambo jingine linaloamua bei, kama vile uchache wa wafanyabiashara au mahindi yanayovuka mpaka.

Takwimu za swali hilo zipo, na hazilipiwi. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu zaidi za mafuta kwa kila mji tarehe 14 ya kila mwezi, na utaratibu wa kuweka bei kwa kanuni ulianza Desemba 2010. Wizara ya Kilimo ina mfumo wa kuchapisha bei za mazao katika masoko mbalimbali nchini. Bei za kila mwezi kwa miaka 10 ni miezi 120 kwa kila soko. Ukichukua masoko manane, una karibu tarakimu elfu moja badala ya 41.

Zaidi ya hayo, historia imempa mwanafunzi huyo zawadi. Mnamo Julai 2023, ushuru wa VAT kwa mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Bei ilipanda kwa amri ya sheria, wala haikupanda kwa sababu mahindi yalikuwa yameadimika. Tukio la namna hii ndilo mwanauchumi hulitafuta, kwa maana linamwezesha kuona dizeli ikisogea peke yake.

Peke yake? Hapo ndipo utafiti unapoanza kuwa utafiti. Mvua zilikuwa zimekosekana kwa misimu mitano kuanzia mwishoni mwa 2020, na ndipo zikarejea mapema 2023. Bei ya mafuta duniani ilipanda tena katikati ya mwaka huo, hata kufikia Septemba lita ya dizeli jijini Nairobi ikapita Sh200. Kisha mafuriko ya mwishoni mwa mwaka yakakata barabara ya Garissa. Mwanafunzi atalazimika kueleza jinsi alivyotenga kila moja ya mambo haya, au akiri waziwazi kwamba tukio moja halitoshi na kwamba ameamua kutegemea mabadiliko ya kila mwezi ya muda mrefu. Sura itakayoeleza hayo haiwezi kununuliwa River Road.

Mbali na bei, kuna hazina nyingine. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lina hifadhi ya data ambako mtu akijisajili anaweza kupakua majibu ya kaya moja moja, majina yakiwa yameondolewa. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2015/16, uliolenga takriban kaya 24,000 kote nchini, ndio uliotoa kiwango cha umaskini cha asilimia 36.1. Tangu mwaka wa 2019 shirika hilo limekuwa likitoa pia makadirio ya pato la kila kaunti, kwa hivyo mwanafunzi wa Maseno anaweza kulinganisha Kisumu na Kakamega bila kubahatisha. Uchunguzi wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu pamoja na KNBS na shirika la FSD Kenya, umerudiwa mara kadhaa tangu 2006. Mwaka huo, asilimia 26.7 ya watu wazima walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2024, walikuwa asilimia 84.8. Kila mtu huisoma tarakimu hiyo magazetini. Wachache hufungua faili yenyewe na kuuliza ni nani hao waliobaki nje, na wanaishi wapi.

Nacho Chuo Kikuu cha Egerton kina Taasisi ya Tegemeo, iliyofuatilia kaya zile zile za wakulima mwaka wa 1997, 2000, 2004, 2007 na 2010. Kufuata familia moja kwa miaka 13 ni kazi ghali ambayo mwanafunzi hawezi kuifanya. Kuomba ruhusa ya kutumia kazi iliyokwisha kufanywa anaweza.

Asiye na swali lake bado anaweza kuanza kwa kurudia hesabu za wengine. Wako wanaodhani kwamba kurudia ni kazi ya wasio na ubunifu, na hilo si kweli. Mwaka wa 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alipewa kazi ya darasani ya kurudia matokeo ya makala moja ya kiuchumi. Alichagua makala ya mwaka wa 2010 ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa Harvard, ambayo ilikuwa ikinukuliwa na serikali zilizotaka kubana matumizi. Makala hayo yalionyesha kuwa nchi zilizo na deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hudorora, uchumi ukipungua kwa wastani wa asilimia 0.1. Herndon alijaribu mara kadhaa, hesabu zikakataa kulingana. Alipotumiwa faili ya Excel na waandishi wenyewe, aliona kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeziruka nchi tano. Baada ya kulirekebisha kosa hilo, na kupinga jinsi waandishi hao walivyochagua miaka na kuzipa nchi uzito, yeye na wahadhiri wake wawili walipata wastani wa ukuaji wa asilimia 2.2.

Herndon alikuwa akisomea uzamifu. Hata hivyo, kuikagua fomula ya Excel hakuhitaji uzamifu. Na somo lenyewe si geni hapa: mwaka wa 2023 Bunge la Kenya liliondoa kikomo cha deni cha Sh10 trilioni na kuweka cha asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Ni kwa nini 55, wala si 50 au 60, ni swali ambalo mwanafunzi wa uchumi ana haki ya kuliuliza na zana za kulichunguza.

Data za jaribio la Busia pia ziliwekwa wazi. Mwaka wa 2015, watafiti wa London walizichambua upya, wakapata makosa kadhaa, na kukazuka mjadala mkali kuhusu ni matokeo yapi yaliyosimama na yapi yaliyoyumba. Kwamba data hizo zilitoka kwa watoto wa Budalang'i na Funyula, na mjadala wake ukaendeshwa Uingereza na Marekani, ni jambo ambalo lingefaa kuwakera wahadhiri wa Nairobi na Eldoret kidogo.

Kuhusu zana, programu ya Stata inayotajwa katika vitabu vingi ni ya kulipia, lakini R hupatikana bure na hufanya kazi hiyo hiyo. Kompyuta ya kawaida yatosha kwa faili ya kaya 24,000. Kizingiti kikubwa ni muda: kujifunza R kwa mtu asiyewahi kuandika programu ni kazi ya miezi. Anayengoja mwaka wa nne uanze ndipo ajifunze atajikuta anarudi kwa watu wa saiba. Likizo ndefu ya mwaka wa tatu ndiyo saa yake.

Anayetaka kuwahoji watu mwenyewe ana masharti zaidi. Sheria ya mwaka wa 2013 inamtaka mtafiti kupata leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na vyuo vina kamati za maadili zinazopaswa kuridhika kwamba wanaohojiwa hawatadhurika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inambana anayeandika majina na nambari za simu za watu. Kwa mradi wa miezi michache, hojaji fupi kwa wauzaji 60 wa soko moja ni bora kuliko ndoto ya kuzunguka kaunti nzima. Na pale ambapo takwimu anazozihitaji zimo katika ofisi ya umma na hazijachapishwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi hiyo siku 21 kujibu ombi lililoandikwa. Barua ya aina hiyo haina budi kutumwa mapema, na nakala yake ihifadhiwe.

Wahadhiri hawawezi kuachwa nje ya lawama. Msimamizi aliye na wanafunzi wengi kupita kiasi huipitisha mada ya mfumko wa bei kwa sababu anaijua na haitamletea shida. Lakini mhadhiri huyo huyo ana makala yake anayoyaandika, na ndani yake kuna kazi za kusafisha data na kuchora majedwali ambazo humla usiku. Mwanafunzi anayemwendea mwaka wa pili, akiwa na R na swali moja lililoandikwa kwenye nusu ukurasa, ni nadra kufukuzwa. Hiyo ndiyo nafasi ya usaidizi wa utafiti, ingawa haitangazwi popote. Ndiyo pia barua ya mapendekezo atakayoihitaji akiomba kazi KIPPRA, Tegemeo, au katika mashirika ya utafiti ya Nairobi kama Busara na IPA, ambako mwombaji huulizwa aonyeshe alichowahi kukichambua.

Tatizo linalobaki ni lile la kazi iliyokamilika. Tasnifu za uzamili za vyuo vingi sasa huwekwa kwenye mtandao. Mradi wa shahada ya kwanza, kwa kawaida, hutetewa kwa dakika 20, hupewa alama, na nakala yake hurundikwa katika kabati la idara. Faili ya data haiombwi. Hivyo basi, mwanafunzi aliyeingiza kwa mkono bei za mahindi za masoko manane kwa miaka 10 huondoka nazo katika kipakatalishi chake, na atakayeliuliza swali la Garissa mwaka unaofuata huanza upya na Januari ya mwaka wa kwanza. Idara ambayo ingedai faili hiyo iwasilishwe pamoja na mradi, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu ilikotoka, ingehitaji kompyuta moja tu ya kuihifadhi.